Kaisari Mwenye Masikio Mawili Upande Mmoja

Ngome ya Haddata, Adari 12,
mwaka wa kwanza wa utawala wangu

Dada Akmat,

Salaam kwako, na kwa shemeji Yarhai, na kwa Taima mchumba wa watu, na kwa yule punda wenu kama bado yupo. Mimi mzima. Kile kikohozi cha majira ya baridi kimeniacha, sijui ni kwa yale majani uliyonitumia au kimechoka chenyewe. Mvua zilikuwa haba, lakini mbuzi wana maziwa, nami nimenenepa kidogo kiunoni.

Najua umeshaisoma tarehe hapo juu na umeshanitukana. Tulia nikueleze.

Mshahara wa askari haujafika tangu mavuno ya mwaka juzi. Jemadari wetu alikwenda Antiokia kuufuatilia, na mpaka leo anaufuatilia. Basi katika sikukuu ya mungu wetu Atargati, vijana walikunywa, wakalia, wakakumbushana shida zao, mwisho wakaamua kwamba Kaisari aliyeko Magharibi hafai na atafutwe mwingine. Walimwendea kwanza Gayo, akida mkubwa. Akakataa. Habari za Gayo sitaki kuzieleza zaidi ya hapo. Wa pili waliyemkuta njiani nilikuwa mimi, natoka zangu msalani, mshipi sijaufunga. Wakaingia hekaluni, wakamvua Atargati joho lake la zambarau, wakanitupia mabegani na kuninyanyua juu ya ngao, wakawa wanapiga kelele kwamba Kaisari amepatikana.

Usiniulize kwa nini nilikubali. Ukikataa, unauawa na walio karibu. Ukikubali, utauawa na aliye mbali. Nikachagua wa mbali.

Sasa makuhani wanataka joho la mungu wao lirudi. Apamea nzima hakuna mtia rangi nguo kama wewe. Nifanyie moja la zambarau, refu, lifunike magoti, umpe Hairan mwenye ngamia, huyo aliyekuletea barua hii.

Nduguyo mdogo,
Mokimu
(Karani anasema niongeze: Kaisari, Mchamungu, Mwenye Bahati, Asiyeshindwa. Haya, nimeongeza.)


Apamea, Nisani 4,
mwaka wa Kaisari yeyote atakayekuwapo barua hii ikifika

Mokimu mdogo wangu,

Sisi hatujambo, shaka ni kwako. Yarhai anakusalimu kutoka uvunguni. Nilimsomea barua yako hadi pale pa ngao, akaenda kufunga mlango, kisha dirisha, kisha akaingia chini ya kitanda, na chakula analetewa humo humo. Harusi ya Taima iko palepale, baada ya mavuno, ila wakwe wameanza kuuliza kama kweli wewe na mimi ni tumbo moja. Nimewaambia wewe uliokotwa. Mama atanisamehe huko aliko.

Sasa tuje kwako. Nguo ya kuazima haisitiri matako, hilo ulifundishwa ungali unatambaa, nawe umekwenda kuazima ya mungu. Tangu nimzae Taima, hapa Apamea tumeshangilia Makaisari watano. Sanamu ya mmoja iliingia mjini asubuhi, habari ya kifo chake ikaingia mchana, mafundi bado wanabishana waisimamishe wapi. Wakakikata kichwa, wakaweka cha mwingine. Mwili ule ule sasa unatumiwa na Kaisari wa tatu. Na hao, Mokimu, walikuwa na majeshi. Wewe una ngome moja, mbuzi na kikohozi.

Joho nimekutengenezea. Zambarau ya kweli hutoka kwa konokono wa Tiro, nayo ni ya Makaisari peke yao, mtu kama mimi akikutwa nayo ana kesi, kwa hiyo nimechovya nyekundu ya mizizi kwanza, kisha buluu juu yake. Kwa mbali ni Kaisari kabisa. Mvua ikinyesha usitoke nje, utaonekana kama umechinjwa.

Nina swali moja, ulijibu. Watu waliokupa ufalme kwa sababu ya mshahara, huo mshahara utawatolea wapi?

Toka humo, mdogo wangu. Sijui kwa mlango gani, lakini toka. Baba hayupo, mama hayupo, nimebaki na wewe na huyu wa uvunguni.

Akmat


Haddata, Nisani 27, mwaka wa kwanza

Dada mpenzi,

Salaam zimefika, na joho limefika. Limenikaa vizuri mno. Kila aliyeliona amelisifu, na waliolisifu zaidi nimewapandisha vyeo. Poleni kwa shemeji. Mwambie uvunguni kuna unyevu, ataumwa mgongo.

Swali lako nimelijibu kwa vitendo. Fungua kile kitambaa alichokupa Hairan. Hiyo ni dinari, na huyo ni mimi.

Mgodi hatuna, wala fedha mpya. Basi tukawaambia askari walete dinari zao kuukuu, zenye vichwa vya Makaisari waliokufa. Tunaziweka kwenye fuawe, tunazigonga uso wangu juu ya uso wa yule marehemu, kisha tunawarudishia mbele ya bendera, kwa tarumbeta, kama zawadi ya Kaisari. Ajabu ni kwamba wanafurahi. Mmoja alilia na kunibusu goti, kwa dinari ambayo asubuhi ilikuwa mfukoni mwake.

Anayegonga ni Ogga, fundi kufuli wa kijiji kilicho nje ya ngome. Sarafu hajapata kutengeneza, lakini amechonga funguo tangu ujana wake na mkono wake hautikisiki. Upande wa nyuma amenichongea yule mungu Ushindi, mwenye mabawa. Anafanana na bata, lakini bata mwenye heshima zake.

Hayo ya kutoka tutayazungumza. Siku hizi nina walinzi wanane mlangoni. Wananipenda sana, hata msalani hawaniachi peke yangu.

Mokimu
(na yale mengine yote)


Apamea, Iyari 16

Mokimu,

Hatujambo. Yarhai ametoka uvunguni kwa ajili ya dengu, akala, akarudi. Taima anashona shela yake. Kitunguu kimepanda bei na mimi nimepata wateja wa Laodikia wanaotaka kijani ambayo hata majani hayaijui.

Nimeitazama dinari yako juani, nikaitazama kivulini, nikaigeuza kichwa chini. Kwanza, una masikio mawili upande mmoja. Moja nadhani ni lako, la pili ni la yule marehemu wa chini, mlimgonga hakufa vizuri. Shingoni kwako kuna pua. Pili, maandishi yanaanza na jina lako na kumalizikia na la mtu mwingine. Tatu, na hili ndilo lililonikalisha chini: huyu ni nani? Ukoo wetu pua ni ya mundu na kidevu ni kama hakipo. Huyu pua yake imevunjika katikati, mashavu mazito, kidevu kinaning'inia kama cha fahali. Mimi niliyekubeba mgongoni sikukujua.

Nilicheka mpaka mfanyakazi wangu akaangusha beseni. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu nimefikiri hivi. Kaisari wa Magharibi hajawahi kukuona. Majemadari wake hawajawahi kukuona. Siku watakayokuja kukutafuta watakuja na dinari hii mkononi, maana sura yako nyingine hawana. Waache wamtafute huyo mwenye kidevu. Fundi asiuguse uso huo. Usichongwe sanamu, usichorwe ukutani, na akitokea mtu wa kukuambia una sura nzuri, mfukuze. Wamekuvika kilemba cha ukoka, sasa angalau jifiche ndani yake.

Hukuniambia kama hao wanane wanakulinda usiingiliwe au wanakulinda usitoke.

Akmat


Haddata, Haziran 3

Dada,

Salaam nyingi. Mimi mzima. Mvua ilinyesha, nje ya majira yake, siku ya gwaride. Sitaki kulizungumzia.

Nilimwita Ogga nikamuuliza uso ule ni wa nani. Akajifuta mikono kwenye aproni.

"Wangu, bwana mkubwa."

Nikamuuliza imekuwaje.

"Nilikuja kukutazama, naambiwa umelala. Nikaja tena, naambiwa unakula. Mke wangu ana kioo cha shaba. Basi nikajitazama mwenyewe."

Nikamwambia kwamba hilo ni kosa kubwa. Akakubali kwamba ni kosa, ila akaniomba niangalie lilivyotoka vizuri. Na kweli, dada, limetoka vizuri. Ukimweka Ogga na dinari pamoja, hujui yupi ametoka kwa mwenzake.

Nilitaka aanze upya. Mtu akishakuwa Kaisari, angalau pua yake iwemo. Lakini nimekusikiliza, kama siku zote, nikamwambia aendelee vilevile. Mwenye raha kutushinda sote ni mkewe, Habba. Anazunguka nayo sokoni, anawaonyesha wauza vitunguu, huyu mume wangu, mtazameni. Ogga akipita, watoto wanampigia saluti, na mimi nikipita wanaendelea kucheza.

Dinari kuukuu zimekwisha. Sasa tunagonga shaba na kuichovya kwenye fedha kidogo, kama wewe na joho lako. Askari wameacha kunibusu goti. Asubuhi kwenye mstari kuna mapengo, naambiwa wengine wamekwenda harusini, wengine misibani. Supu ya kondoo ya hapa ni nzuri sana. Sijui kama nimewahi kukuambia.

Mokimu


Apamea, Haziran 19

Mokimu,

Salaam siku nyingine.

Jeshi la Kaisari limelala hapa na leo linaanza safari ya kuja kwako. Akida mmoja aliingia dukani, akaweka dinari yako kando ya beseni la rangi, akaniuliza kama namjua mtu huyu. Nikaitazama kwa makini nikamwambia sijamwona maishani mwangu. Ni mara yangu ya kwanza kumwambia mtu wa serikali ukweli.

Sikiliza tangazo lililopigwa hapa: askari wa Haddata wakileta kichwa cha mwizi wa ufalme, wote watasamehewa na watalipwa mshahara wao wote. Hiyo hesabu si ngumu, hao walinzi wako wanane wataifanya bila karani.

Hairan anakuletea kanzu ya mchukuzi wangu, yenye madoa. Jipake rangi mikono mpaka viwikoni. Hakuna anayemkaribia mtia rangi, kwa harufu. Toka siku ya soko, mchana kweupe, ukiwa umebeba kitu kizito. Usimuage mtu. Usiniandikie mpaka uwe umevuka mto Frati.

Nakupenda, mjinga wewe.

Akmat


Edesa, Abu 9

Kwa Bibi Akmat, mtia rangi wa Apamea, kutoka kwa Barsuma, muuza vitunguu, mtu ambaye hujapata kumwona,

Salaam kwako na kwa wote waliomo nyumbani, wa juu ya kitanda na wa chini yake. Nina afya, nina banda, nina magunia saba ya vitunguu. Wateja wananilaumu kwamba mizani yangu ni nyepesi. Nimegundua kuwa kulaumiwa na mtu asiye na upanga ni raha.

Nilitoka kama ulivyosema. Nilipita katikati ya wale wanane na beseni kichwani, la ule mkojo ambao watia rangi hufulia nguo, wakanipisha wote na kuziba pua. Kwa muda wote wa utawala wangu sikupishwa kwa heshima kama ile.

Nasikia Haddata ilijisalimisha bila mshale hata mmoja na askari wakasamehewa wote. Nashangaa, maana walitakiwa kutoa kichwa, na changu ninacho hapa, nimekishika ninapoandika. Wewe uko karibu na habari. Walitoa nini?

Lingine ni dogo. Hapa limepigwa tangazo kwamba zile dinari zote zirudishwe zikayeyushwe, na atakayekutwa nayo atauawa. Najua utanitukana, lakini ile niliyokuletea, kama bado unayo, ishonee ndani ya pindo la nguo uniletee. Mtu alikuwa bwana wa dunia tangu Adari mpaka Haziran, na leo hana hata kitu cha kujionyesha mwenyewe.

Apamea je, kuna aliyesikitika? Wewe ulilia?

Barsuma


Apamea, Eluli 2

Barsuma,

Hatujambo. Taima ameolewa. Wakwe walikula, wakanywa, wakasahau kuuliza maswali. Yarhai siku hizi analala juu ya kitanda kama watu wengine. Punda amekufa.

Uliuliza walitoa nini. Walitoa kichwa.

Kiliingia hapa katikati ya Tamuzi, juu ya mkuki, mpiga mbiu mbele, tarumbeta nyuma, kinatembezwa mji hadi mji ili watu wajifunze. Kuna jirani aliyekuwa amewaambia kwamba mwizi wa ufalme ana dada, basi wakanifuata dukani. Nilikwenda nimeng'ata shuka nisipige kelele njiani. Nilipofika chini ya mkuki sikutaka kuinua macho, wakaniinua kidevu kwa fimbo. Nikaona pua iliyovunjika katikati, na mashavu mazito, na kile kidevu.

Yule akida alikuwa na dinari. Anaisogeza kando ya kichwa, anaiondoa, anaisogeza tena, ameridhika kama mtu aliyenunua ngamia akakuta meno yote yapo. Askari wako, walipoona umetoroka, walihitaji kichwa kinachofanana na sarafu. Hawakuhangaika. Walikwenda kugonga mlango wa fundi kufuli.

Akaniuliza kama ni ndugu yangu. Nikasema ndiye, na kwamba dukani nilimkana kwa hofu.

Unataka kujua kama nililia. Nililia hadi wakaona haya, wakanipa nikizike. Sikuwa naigiza. Nililia kwa furaha kwamba si wewe, na furaha ile ikanitia kinyaa, nikalia zaidi. Mimi ndiye niliyekuandikia kwamba uso ule usiguswe. Niliona mlango wa kukutolea wewe, sikufikiri kwamba mlango ule ni mtu.

Nilikipeleka kwenye kaburi letu. Unajua kwamba baada ya baba na mama ilibaki nafasi moja ukutani, nayo ilikuwa yako. Mwashi alikuwa anakoroga chokaa ya kuziba pale alipoingia mwanamke, miguu imepasuka, vumbi mpaka kwenye kope. Alikuwa amekifuata kile kichwa kwa miguu kutoka Haddata. Sikuhitaji kuambiwa jina lake. Mlangoni askari walikuwa wanatuchungulia, na neno moja la Habba lingetosha kutupandisha mikukini mimi, Yarhai na Taima. Nilisimama nikalingoja. Haki ya kulisema alikuwa nayo.

Akanikumbatia kama wafiwa wanavyokumbatiana, akaniwekea mdomo sikioni.

"Wewe lia wako, mimi nilie wangu. Wanatutazama."

Tukalia wawili, kwa kichwa kimoja.

Tangazo la dinari lilikuwa limesomwa sokoni asubuhi ile. Alipofumbua mkono nikaiona anayo, ile aliyokuwa akiwaonyesha wauza vitunguu, imeshikwashikwa mpaka imelainika. Nikamnong'oneza kwamba atakayekutwa nayo atauawa.

"Ameshauawa," akasema.

Akamfungua mdomo, akamwekea chini ya ulimi. Mwashi akaziba.

Sasa anakaa kwangu. Ana mkono mzuri kwenye nyuzi, rangi inamkubali. Hajanilaumu, wala hajaniuliza uko wapi, ingawa kila Hairan akifika na mzigo kutoka ng'ambo ya Frati yeye huacha kazi na kutoka nje mpaka ngamia waondoke. Barua yako hii sikumsomea.

Ile uliyonitumia niliiyeyusha mwenyewe kwenye jiko la rangi siku ya tangazo. Ilitoka tone la shaba na ngozi nyembamba ya fedha, kwa hiyo hata yule marehemu wa chini alikuwa ametudanganya. Nyingine yoyote siijui, isipokuwa ile moja, na mwenyewe anayo mdomoni. Usiniombe tena.

Uza vitunguu vyako. Pima sawasawa. Ishi, mdogo wangu, ishi sana, nimefurahi mno kwamba unaishi. Lakini Apamea usirudi, uzeeni wala ukifa. Pale kwa baba na mama nafasi yako ina mtu.

Akmat